Msomaji Anauliza: Je, Naruhusiwa Kuchoma Makuti na Majani Uani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi pembezoni mwa mji wa Bagamoyo, katika kiwanja chenye minazi sita na mwembe mmoja mkubwa. Kila Jumamosi tunakusanya majani, makuti na makumbi, kisha tunayachoma jioni. Hivi karibuni jirani yetu, ambaye mtoto wake ana pumu, alikuja kulalamika, na nyumba iliyo nyuma yetu imeezekwa kwa makuti. Sheria inasemaje, nami nifanyeje nisimdhuru mtu?

JIBU: Mama yetu, anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri jukumu la taka ngumu, na masharti ya kuchoma taka za uani kwa kawaida hupatikana katika sheria ndogo zao, ambazo hutofautiana kati ya mji na mji. Mtendaji wa mtaa au bwana afya ndiye atakayekueleza yanayohusu mtaa wako. Hata ukiruhusiwa, moshi unaoingia ndani kwa mwenzako ni kero, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuwa sababu ya kukimbizwa hospitali usiku. Jirani huyo hakukuonea.

Ushauri wangu ni kwamba punguza kwanza kile unachokichoma. Majani ya mwembe yaweke kwenye shimo la mboji pamoja na samadi na maganda ya jikoni, uyamwagie maji na kuyageuza mara kwa mara. Moshi wa majani hayo huwasha macho na kifua, kwa hiyo hakuna hasara kuyaondoa motoni. Makumbi yafukie kuzunguka mashina ya minazi, ambako hutunza unyevu wakati wa kiangazi. Makuti mazima yana wanunuzi.

Kitakachobaki, ikiwa umeruhusiwa, kichome asubuhi baada ya umande kukauka na kabla upepo wa baharini haujashika kasi. Jioni haifai, kwani giza hukukuta moto haujazimika. Mwarifu jirani mapema ili amwondoe mtoto au afunge madirisha. Chagua mahali palipofagiliwa hadi udongo, mbali na ua, miti na hasa paa lile la makuti, kwa sababu kuti kavu likishika moto hurusha cheche ambazo upepo hafifu tu hutosha kuzivusha. Choma kidogo kidogo, mtu mzima akiwa hapo muda wote na ndoo za maji pembeni. Petroli usiiguse kabisa: mvuke wake hutambaa chini na kulipuka kabla hujarudisha mkono. Plastiki, mpira na mbao zilizotiwa dawa hazichomwi, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni namna tunavyozima. Wengi wetu hufunika jivu kwa mchanga na kuondoka. Makumbi hayazimiki kwa mchanga. Nyuzi zake hushika moto usio na mwali, na mchanga huhifadhi joto lake. Nimewahi kufukua rundo la aina hiyo siku ya pili yake: juu palikuwa pamepoa, lakini kiganja kimoja chini makumbi yalikuwa mekundu kama makaa ya jikoni, na watoto walikuwa wamecheza hatua chache kutoka hapo asubuhi nzima. Mwaga maji, koroga kwa jembe hadi chini, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na jivu bila kuligusa. Ukihisi joto, rudia.

Moto ukikushinda, usisubiri kuona kama majirani watauweza. Ondoa watu kwanza, kisha piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukiwatajia mtaa na alama inayojulikana, kama vile msikiti, shule au kituo cha daladala, ili gari lisipotee njia.