Kabla Hujasema Umemsaidia Jirani

Muulize mtu yeyote wa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, kama anajali majirani zake, atakwambia ndiyo, na atakuwa mkweli. Nia anayo. Ila jirani haioni nia, anaona kilichofika uani kwake. Hapo ndipo watu wawili wema hununiana msimu mzima, kila mmoja akijiona ndiye aliyekosewa.

Chukua mfano wa salfa, dawa ya mikorosho. Mvua zikikatika, mikorosho inachipua na kutoa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unaingia. Anayetumia salfa ya unga huweka kama robo kilo kwa mti, kisha hurudia kila baada ya wiki mbili, mara nne au tano. Hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina miti kama 70. Hizo ni zaidi ya kilo 17 za unga kurushwa hewani kwa alfajiri moja, na si zote zinazoishia kwenye mikorosho yako.

Nyingine zinatua kwenye maji. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unakunywa mvua yote, chemchemi ziko mbali chini ya miteremko, kwa hiyo nyumba nyingi zinategemea maji ya mvua yaliyowekwa kwenye visima na matangi. Yakichafuka Juni, hakuna mvua nyingine ya kuyabadilisha mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Nyingine zinatua kwenye makopa ya muhogo yaliyoanikwa juani. Nyingine zinaingia machoni na kifuani, na kama nyumba ile ina mwenye pumu, usiku huo hawalali.

Kwa hiyo toa taarifa jioni ya jana yake, watu wakiwa wamesharudi nyumbani. Tena usimwambie baba mwenye nyumba peke yake, maana mara nyingi taarifa inaishia barazani. Mwambie anayeshika maji na makopa: "Hodi, Mama Somoe. Kesho saa 11 alfajiri tunapuliza huku mpakani kwenu. Naomba mfunike maji, muanue makopa na nguo, mfunge madirisha mpaka saa 2." Mwambie pia asiwashe moto uani mpaka mmalize, kwa sababu unga wa salfa unashika moto. Na taarifa ni ya kila mzunguko. Ya mwezi uliopita haimsaidii mtu aliyeanika makopa jana.

Halafu kuna mpuliziaji wa kukodi. Yeye anahesabu miti, hana habari na majirani zako. Mwelekeze aanzie mistari ya mpakani wakati hewa bado imetulia na umande uko kwenye majani, ndiyo aingie katikati ya shamba. Wengi hufanya kinyume: wanaanzia karibu na njia walikoshushia mashine, wanafika mpakani jua limetoka na upepo wa kusi umeamka. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo nyumba za kaskazini na magharibi ya shamba lako ndizo za kwanza kupelekewa taarifa. Kama jirani yuko hatua chache tu kutoka mstari wa mwisho, mistari hiyo ipulizie dawa ya maji. Haipeperuki mbali kama unga, ingawa nayo inataka maji ya kuchanganyia, na tumeshasema maji yenyewe yalivyo.

Kuna msaada mwingine unaomdhuru mtu huku mtoaji akisifiwa. Januari hadi Machi ghala la nyumbani liko tupu, watoto wanataka sare na madaftari, na hapo anatokea mtu na fedha taslimu: chukua leo, utanilipa korosho msimu ukifika, kwa kipimo changu na bei yangu. Hiyo ni kangomba. Mtoaji husema amemwokoa mwenzake. Mwenzake atayajua makali yake Oktoba, mnada ukitangaza bei.

Ukitaka kumkopesha kweli, toa fedha urudishiwe fedha, kiasi kilekile. Andikeni mistari miwili kwenye daftari, nakala mbili, na shahidi mmoja. Tarehe ya kulipa msiandike "Oktoba", andikeni "akishalipwa". Tofauti ni kubwa. Korosho zinatoka kwake kwenda chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghala kuu, zinaingia mnadani, mnunuzi analipa, ndipo fedha zinaingia kwenye akaunti ya mkulima, zikiwa zimeshakatwa makato. Bei ya redioni si fedha mfukoni. Ndugu wa mjini wanaopiga simu jioni ileile ya mnada wanadhani wanampongeza; yeye anasikia mkono ulionyooshwa. Subiri akupigie yeye.

Kwenye msiba, anayejali huja na kitu ambacho kingemtoa mwenye msiba nyumbani kwenda kukitafuta. Kreti ya soda inaonekana na wote, lakini wali haupikwi kwa soda. Kilo 10 za mchele zinakula karibu dumu zima la lita 20 kwenye sufuria tu, bado kuosha mchele, vyombo, na maji ya udhu. Beba dumu limejaa, au mzigo wa kuni zilizokauka kweli, maana kuni mbichi zinawapa wapishi moshi na kuchelewesha chakula. Ukifika usimuulize mfiwa "nisaidie nini?", unampa kazi ya kukupangia kazi. Muulize anayeshika daftari la rambirambi, au yule mama anayesimamia jikoni.

Sufuria, jamvi au beseni unaloazima, litie alama chini kwa rangi kabla halijatoka kwako, kwa sababu masufuria ya msibani yanafanana yote. Na tanga likishaanuliwa, njoo ulichukue mwenyewe, usikae kusubiri uletewe. Mfiwa ana vyombo vya nyumba ishirini hapo uani.