Unga wa YBCO: pigia hesabu bariamu kwanza

Mkuu, usiwashe hilo tanuri la kugeuza ukungu wa naitreti kuwa unga wa YBCO, yaani oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba, ile kipitishi kikuu (inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana). Umeuliza joto liwe ngapi, oksijeni ipite kwa kasi gani na unga uudakeje, lakini mimi nimekwama pale uliposema mmumunyo wako una moli 0.2 za itriamu kwa lita na "ukichemshwa unayeyuka wote".

Hata wangu uliyeyuka. Lita ya maji yanayochemka inabeba gramu zaidi ya 300 za naitreti ya bariamu. Yakipoa hadi nyuzi 20 inabeba kama 90, na karibu na barafu ni 50 tu. Hapo hujatia naitreti za shaba na itriamu, ambazo zinaifukuza bariamu zaidi. Kwa 1:2:3, yaani itriamu moja, bariamu mbili, shaba tatu, wewe unahitaji gramu 104. Zitakaa wapi?

Nilipokuwa nasoma Ujerumani niliuacha mmumunyo ndani ya kifaa cha ukungu (kinachoupuliza tanurini) usiku wa baridi kali. Asubuhi bluu ya shaba ilikuwa ileile, nikapuliza. Zile fuwele nyeupe chini nilidhani uchafu wa chombo. Kumbe bariamu yangu ndiyo ilikuwa imelala pale! Vidonge nilivyotengeneza kwa unga huo vikatoka na ukijani. Ukijani huo ni Y2BaCuO5, na hiyo si kipitishi kikuu.

Aliyekuwa akinisimamia akavitazama akasema oksijeni haijatosha, virudishe kwenye nyuzi 450. Wiki tatu nikavirudisha, tena na tena. Hakuuliza hata siku moja mmumunyo ulikuwaje, na mpaka leo inaniuma. Kipitishi kikuu kikipozwa huielesha sumaku hewani; tukavizamisha kwenye nitrojeni kimiminika, sumaku juu yavyo haikuinuka hata unywele. Kidonge cha kijani hakinyanyui sumaku hata ukisomee dua. Oksijeni inakamilisha 1:2:3 iliyotimia. Bariamu iliyobaki chomboni hailetwi na oksijeni.

Kwa hiyo anza na bariamu, vingine viifuate: moli 0.05 za itriamu, 0.10 za bariamu (gramu 26 kwa lita), 0.15 za shaba. Maji yaliyokenekwa tu, maana salfeti kidogo inaigeuza bariamu mashapo yasiyoyeyuka tena. Kisha uache usiku kucha mahali penye baridi kuliko chumba cha kupulizia, asubuhi umulike chini kwa tochi. Ukiona punje moja nyeupe, ongeza maji, pasha moto, ulaze tena. Utapata unga kidogo kwa siku, vumilia.

Na vaa glavu, naitreti ya bariamu ni sumu. Kabla hujapuliza weka hapa picha ya chini ya chombo, nitaiangalia.