Kabla hujawaita wenzako ukumbini kuwafundisha Linux

Katibu muhtasi wa ofisi yetu ana miaka 19 kwenye kiti kile. Anachapa bila kutazama kibodi, huku anaitikia salamu, huku simu imebanwa begani. Jumatatu ya kwanza baada ya mafunzo niliyoyaendesha mimi, nilimkuta anaandika barua ya mkurugenzi kwa kalamu. Alipomaliza alimpa kijana wa field aichape.

Nakuandikia wewe uliyeajiriwa juzi kitengo cha TEHAMA ili usimfikishe mtu pale nilipomfikisha mama yule.

Kilichotupeleka kwenye mafunzo bila shaka unakijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo inadai kompyuta yenye TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha ndani, na kama ni ya Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta zetu 31 hapa Morogoro zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na nyingi ni Core i5 za kizazi cha nne. Zinawaka na kazi zinafanya. Kuzitupa zote ili tununue mpya hatukuwa na fedha hiyo, kwa hiyo tukakubaliana kuhamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Niliichagua kwa sababu menyu yake iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na mtu akiitazama haoni kitu cha kumtisha.

Uchaguzi ule sijaujutia. Kosa nililifanya kwenye mafunzo.

Niliita watumishi wote ukumbini kwa siku mbili, nikafunga projekta. Nikaanza na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetangaza kazi yake ya kuunda Linux Agosti 1991. Nikaeleza kwa nini huku hakuna diski C wala D. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaonyesha jinsi ya kusakinisha programu kwa mstari mmoja tu. Watu walitikisa vichwa, wakanipigia makofi, wakanywa chai, wakaondoka. Niliamini wameelewa.

Jumatatu mama yule alichapa barua, akabonyeza F12. Kwenye Word, F12 inafungua dirisha la kuhifadhi faili kwa jina jingine, na ndivyo vidole vyake vilivyozoea miaka yote. Kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuandikia tuliyoiweka badala ya Word, kitufe hichohicho kinaweka namba mwanzoni mwa aya. Ikatokea 1. Akaifuta. Akabonyeza tena, ikarudi 1. Barua ilitakiwa iondoke na basi la Dodoma la saa nne asubuhi, na mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniita. Mtu mzima aliyesifiwa kwa kazi yake miaka 19 hataki kumwita kijana aje amwambie kitufe cha kubonyeza mbele ya bosi. Akachukua kalamu.

Nililala na jambo lile. Siku mbili nzima nilikuwa nimewafundisha watu mfumo endeshi, na hakuna aliyeajiriwa pale kuutumia mfumo endeshi. Mmoja ameajiriwa kuandika barua, mwingine kulipa mishahara, mwingine kutunza stoo. Mfumo kwao ni sakafu: wanatembea juu yake kwenda kwenye kazi. Nilikuwa nimewaeleza sakafu imejengwa kwa saruji gani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: kabla hujaandika ratiba ya mafunzo, chukua daftari ukakae pembeni ya kila meza angalau nusu siku. Usifundishe. Tazama na uandike. Anafungua nini asubuhi? Anatuma nini, kwa nani, kwa muundo gani? Anachapishia printa ipi? Kidole chake kinakwenda wapi bila kufikiri? Mimi nilifanya hivyo baada ya kuharibu, kwa siku nne, na daftari lile likanifundisha mengi kuliko miaka yangu yote ya chuo.

Niligundua kwamba mhasibu ana jedwali la mishahara lenye vitufe vinavyoendeshwa na makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili, lililotengenezwa na mtu aliyeshaacha kazi. Ndani ya LibreOffice Calc, programu ya majedwali, namba zilifunguka vizuri, lakini vitufe vingi vilikuwa vimekufa. Niligundua pia kwamba programu yao ya uhasibu ni ya Windows peke yake. Hapo usipigane. Tulinunua kompyuta moja inayoikubali Windows 11, ikawekwa chumba cha uhasibu kwa kazi hiyo tu. Wapo mafundi wenzetu wanaoona ni kushindwa kubakiza hata mashine moja ya Windows. Mimi naona mishahara ikichelewa siku moja, hakuna mtu ofisini atakayekusikiliza tena habari za Linux.

Masjala walinionyesha jambo la herufi. Kwenye Windows, “Ripoti” na “ripoti” ni jina moja. Kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti, yanakaa folda moja bila kugombana. Wao walikuwa wanahifadhi upya kila siku, mara kwa herufi kubwa, mara kwa ndogo, kisha wanashangaa mabadiliko ya jana yamepotelea wapi. Somo la dakika tano, lakini bila kukaa pale nisingejua kama linahitajika.

Mtunza stoo hakuwa na shida yoyote. Anafungua jedwali lake, anajaza, anafunga.

Jambo la pili ni mpangilio. Askari wa Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa, walipohamia Linux, hawakubadilisha kila kitu kwa mkupuo. Mwaka 2005 walianza na OpenOffice ya kazi za ofisi, mwaka 2006 wakaingiza Firefox ya intaneti na Thunderbird ya barua pepe, na Ubuntu yenyewe, ambayo ni aina ya Linux, wakaanza kuiweka mwaka 2008, wakati watumiaji wameshazoea programu za juu. Mimi nilikuwa nimebadilisha programu na mfumo siku moja. Nikaomba turudi nyuma. Tukairudisha Windows kwenye mashine za wale waliokuwa wamekwama, tukaweka LibreOffice na Firefox humohumo, tukawaacha wiki sita. Wiki ya kwanza malalamiko yalikuwa mengi, ya tatu yakapungua. Siku tulipobadilisha mfumo wenyewe, walifungua programu zilezile walizokwisha kuzoea. Ukiweza anza hivyo, hutapata sababu ya kurudi nyuma kama mimi.

Katika wiki hizo sita rekebisha mambo madogo yanayouma. Weka LibreOffice ihifadhi kwa docx na xlsx, miundo ya mafaili ya Word na Excel, moja kwa moja, maana ofisi unazoandikiana nazo bado zinatumia Word. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zipo. Zimechongwa zilingane vipimo na Calibri na Cambria, na bila hizo barua ya kurasa mbili inaweza kumwagika hadi ya tatu, sahihi ikabaki peke yake ukurasa wa mwisho. Waliozoea sura ya Word ya miaka hii wawekee mwonekano wa vichupo. Na umeme wetu unaujua: LibreOffice kwa kawaida inahifadhi nakala ya dharura kila dakika 10, mimi niliiweka kila dakika 3.

Mafunzo ya pili sikuyafanyia ukumbini. Niligawa watu kwa kazi zao, watano watano, saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, kila mtu na mafaili yake halisi. Kikundi cha makatibu tulichapa barua zilizotakiwa kutoka siku hiyo. Kikundi cha stoo tulijaza hesabu za wiki hiyo. Hakuna zoezi la kubuni. Mtu akimaliza mafunzo, kazi yake ya asubuhi nayo imekwisha, na hilo lilisaidia hata kwa wale waliouliza kuhusu posho. Watauliza, na usiwaone wabaya. Mafunzo ya nje yana posho, ya ndani mara nyingi hayana, na mtu anahesabu muda wake. Mweleze mapema kwamba hakuna, ili asije na matumaini akaondoka na kinyongo.

Wakuu wa idara niliwafundisha peke yao, ofisini kwao, mlango umefungwa. Mkuu hawezi kuuliza swali la mwanzo kabisa mbele ya mtu anayemsainia ruhusa. Wengine waliniuliza mambo ambayo hata kwenye Windows hawakuyajua, walikuwa wakiyabeba miaka mingi bila mahali pa kuuliza.

Sasa nikuambie kuhusu kipanya. Utakuwa umesimama nyuma ya mtu, anatafuta kitufe, unakiona kiko palepale, na mkono wako utataka kumpokonya umalizie. Usifanye. Ukimnyang'anya kipanya, kazi imekwisha lakini mtu hajajifunza, na umemwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ni mzito. Mimi nilijizoesha kufunga mikono nyuma. Nilisema tu, “Mama, tazama juu kulia,” kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sekunde 20 za kumwacha mtu atafute ni ndefu sana kwako unayejua, lakini akikiona mwenyewe hatakisahau. Na salamu usiiruke. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha kompyuta. Kijana anayeingia chumbani na kukimbilia mashine anaonekana amekuja kwa ajili ya mashine.

Flashi itakuletea kesi nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo itengee somo lake. Ukinakili faili kubwa kwenda kwenye flashi, Linux huwa inalipokea kwanza kwenye memori na kuliandika polepole. Dirisha la kunakili linaweza kufungika wakati data bado iko njiani. Watu wetu wana tabia ya kuchomoa palepale, na wiki ya kwanza watatu walifika kwenye duka la kudurufu na faili lisilofunguka. Wafundishe kubonyeza alama ya kutoa flashi na kungoja ruhusa, kila mara, hata kama wana haraka. Wakishaelewa sababu wanashika. Amri tupu bila sababu haidumu siku mbili.

Flashi hiyohiyo ndiyo iliyonipa siku yangu nzuri. Unawajua virusi vinavyoficha folda zote na kuacha vialama vya njia ya mkato. Afisa wetu mmoja alirudi kutoka stesheneri na flashi imevamiwa hivyo, ripoti ya robo mwaka imo ndani. Tukaichomeka kwenye Mint. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo vililala tu kama mafaili mengine, na mafolda halisi yalionekana yote. Alinakili ripoti yake, tukaisafisha flashi. Siku ile alieleza ofisi nzima mwenyewe, na maneno yake yalikuwa na nguvu kuliko projekta yangu. Ukipata tukio kama hilo, liache lizungumzwe na aliyelipata.

Kuhusu lugha, nilikuwa na shauku ya kuweka menyu za Kiswahili. Tafsiri zipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, tangu mwaka 2004, na ninaiheshimu sana kazi ile. Nikajaribu kwa wote. Madereva na walinzi, wanaotumia kompyuta ya pamoja kujaza taarifa zao, walifurahi. Makatibu walikataa, kwa sababu wao hawasomi menyu, wanakumbuka umbo la neno na mahali lilipo. Kwa hiyo kila akaunti ikawekwa lugha anayoitaka mwenyewe. Usimlazimishe mtu hata kwa jambo unaloliamini.

Tarehe nayo ichague kwa kuuliza uhasibu. Usiguse mwisho wa mwezi, usiguse wiki ya wakaguzi. Siku ya kuweka mfumo, beba nakala za mafaili yote kwenye diski ya nje na uzifungue kuhakikisha, usitosheke kuziona zimenakiliwa. Printa zijaribu zote mapema kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Tulikuwa na printa moja ndogo ya leza iliyogoma mpaka mwisho, na ni heri nilijua wiki mbili kabla.

Baada ya mafunzo usitoweke. Niliweka daftari moja kila chumba, mtu aandike kilichomkwamisha, nami nikapita kila Ijumaa mchana. Kurasa za mwanzo zilijaa. Mara nyingi jibu lilikuwa mstari mmoja, nikauandika palepale chini ya swali ili anayefuata asome.

Kwenye daftari la chumba cha makatibu swali la kwanza lilikuwa la F12, bila jina, ingawa mwandiko niliujua. Sikuandika jibu. Nilikwenda kwenye kiti chake, nikamwamkia, nikamwomba afungue Writer, kisha nikamwelekeza yeye mwenyewe kwenye mipangilio ya kibodi. Tukaifuta kazi ya kuweka namba kwenye F12, tukaweka ya kuhifadhi kwa jina jingine. Ilichukua dakika mbili. Akachapa mstari mmoja, akabonyeza, dirisha likafunguka alipolizoea, akaendelea na barua iliyokuwa mezani.