Kapasita zimebadilishwa au zimebadiliwa?

SWALI: Nina priampu ya valvu ya zamani, ile mashine inayokuza kwanza sauti hafifu ya santuri, ninayochezea muziki wa dansi. Fundi wa Kariakoo amenirudishia na risiti inasema: "Priampu imefanyiwa marekebisho, kapasita zimebadilishwa." Mzee mmoja hapa mtaani anashikilia kwamba fundi kakosea, ilitakiwa iwe "zimebadiliwa". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Fundi. Mpe mzee shikamoo yake, kisha mweleze kwamba hapo hakuna kosa. Kosa liko kwenye maneno matatu ya mwanzo wa risiti, ambayo wewe na mzee mmeyaruka kama vile hayapo.

Tumalize kwanza deni la swali. "Badili" tumelipata kwa Waarabu, ni ndugu wa "badala", na undugu huo unatosha kukuongoza. Ukitoa kitu na kuweka kingine badala yake, umebadilisha: unabadilisha fedha dukani, unabadilisha tairi, unabadilisha kapasita. Kitu kikibaki palepale lakini kikawa vingine, umekibadili: unabadili nia, unabadili sauti, unabadili saketi. Mzee ana hoja kiasi, maana "badili" tayari hubeba yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, bila kusaidiwa na "-sha". Tena Dar es Salaam nzima inasema "badilisha" kwa kila kitu, nia na gia pamoja, na vita hiyo nimeshaiacha. Mtu akiniambia amebadilisha msimamo, naitikia tu.

Kwa fundi wa valvu, hata hivyo, tofauti hiyo ina faida. Akitoa kapasita (kifaa kinachotunza umeme na kuzuia ule wa moja kwa moja usipite) ya karatasi ya mikrofaradi 0.1 na kuweka ya plastiki ya mikrofaradi 0.1, amebadilisha kapasita na priampu ni ileile. Akitoa rezista, yaani kizuizi cha mkondo, ya kathodi ya kilo-omu 1.5 kwenye valvu ya ECC83 na kuweka ya 2.7, mkondo wa valvu unapungua, na sauti inaweza kuwa nyingine. Hapo amebadili saketi. Kitu kimoja kimetoka na kimoja kimeingia mara zote mbili, lakini kazi ya kwanza ni ukarabati, na ya pili ni fundi kujipa kazi ya mbunifu.

Sasa "imefanyiwa marekebisho". Lugha ina kitenzi kizima, "rekebisha", chenye afya na miguu yake. Mwandishi akakikamata, akakigeuza jina, kisha akatafuta kitenzi kingine, "fanya", cha kulibeba jina hilo. Ni kumkodia bajaji mtu mzima wa afya ili avuke kutoka sebuleni kwenda jikoni. Halafu akaongeza "-iwa" ili hata dereva wa bajaji asionekane. Ndugu zake ni walewale tunaowasikia kila siku: "tumefanya kikao", "kufanya usafi", na yule babu yao, "zoezi". Ipo siku nitasoma risiti inayosema "zoezi la ufanyaji wa marekebisho ya kapasita limekamilika", na siku hiyo nitaomba kustaafu.

Mtasema ni mtindo tu. Chukua hiyo priampu yako uone mtindo huo unaficha nini.

Kurekebisha maana yake ni kurudisha kitu kwenye usawa wake. Saa iliyochelewa inarekebishwa. Ndani ya priampu ya valvu vitu vya kurekebishwa ni vichache mno. Nyingine zina skrubu ndogo ya kusawazisha umeme wa hita, zile nyuzi zinazoipasha valvu moto: unaizungusha huku unasikiliza mpaka mvumo ushuke kabisa. Hiyo moja ndiyo marekebisho. Kazi nyingine zote zina vitenzi vyake. Pini za soketi zilizolegea zinakazwa. Kutu, ambayo hewa yetu ya chumvi inaileta kwa wepesi, inasafishwa. Voliyumu inayokwaruza nayo inasafishwa, lakini ikirudi kukwaruza baada ya wiki moja, tatizo halikuwa uchafu. Kapasita iliyo mbele yake inavujisha umeme wa moja kwa moja, na umeme huo ukipita kwenye voliyumu ndio unaokwaruza. Fundi aliyeandika "nimesafisha voliyumu" umempata, unajua pa kuendelea. Aliyeandika "imefanyiwa marekebisho" amekuacha gizani na bili mkononi.

Mvujo wenyewe unapimwa, haukisiwi. Chomoa valvu ya pili, washa, pima volti kwenye rezista ya gridi yake, mlango wake wa kupokea sauti. Kapasita nzima itakupa sifuri. Mita ikionyesha volti 2 kwenye rezista ya mega-omu 1, mikroampea 2 zinapenya mahali pasipotakiwa kupenya chochote, na valvu ikirudishwa itafanya kazi nje ya mahali pake na sauti itapasuka. Sababu ni karatasi ya zamani iliyonywa unyevu. Kapasita hiyo haina dawa, inabadilishwa.

Mvumo nao usiuite "kelele" ukaishia hapo. Sikiliza. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo mzito wa 50 mara nyingi unatoka kwenye hita au kwenye mzunguko wa ethi, yaani waya za ethi zilizounganishwa mahali pawili. Ukisikia wa 100, uliopanda oktavu moja, tazama kapasita za kuchuja za pawa saplai, kwa sababu umeme uliopitia rektifaya (kigeuzi cha umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja) ya pande zote mbili unatoka na mawimbi 100. Kapasita hizo hukauka ndani hata kama kwa nje zinang'aa.

Na hapo ndipo neno lenu "marekebisho" linapogeuka hatari. Tuseme priampu ina rektifaya ya valvu, EZ80, na kapasita ya kwanza baada yake ilikuwa ya mikrofaradi 32. Ya 32 haiko dukani. Fundi mwangalifu anaweka ya 33, volti 450, na anaandika "nimebadilisha". Fundi mkarimu anaweka ya 220, kwa imani kwamba kubwa ni bora kama sahani ya pilau. EZ80 imewekewa kikomo cha mikrofaradi 50. Kila ukiwasha, hiyo 220 inanyonya mkondo kwa pupa, na valvu inaanza kurusha cheche ndani. Mwingine anaing'oa EZ80 na kuweka daiodi: volti zinapanda kwa sababu daiodi haizipunguzi kama valvu, tena zinafika kabla hita hazijapata moto. Wote watatu wangeweza kuandika "imefanyiwa marekebisho", na kisarufi wote wangekuwa salama. Wa kwanza kakarabati, wa pili kaharibu, wa tatu kabadili saketi bila ruhusa yako.

Risiti yako ingeandikwa hivi, na isingemaliza wino: "Nimebadilisha kapasita 6 za karatasi, thamani ileile, mpya ni za volti 630. Nimebadilisha za kuchuja, 32 kwa 33. Nimekaza soketi ya ECC83 ya kwanza. Nimerekebisha mvumo. Nimewasha kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40, haikubaki inawaka sana. Sijabadili saketi." (Balbu ikibaki inawaka sana, ndani kuna shoti.) Hesabu vitenzi. Kila kimoja kina mtu nyuma yake, na mtu huyo anaweza kuulizwa.

Kwa hiyo rudi Kariakoo na swali moja tu: kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ni mikrofaradi ngapi? Akikujibu kwamba hiyo nayo ilifanyiwa marekebisho, kachukue bisibisi ukasome mwenyewe ubavuni mwake. Chomoa plagi kwanza, halafu unganisha rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kati ya ncha chanya ya kapasita na chasisi, ukiishika kwa kibano chenye mpira. Kwa mikrofaradi 32 ungengoja chini ya sekunde 2. Kwa kuwa hatujui kilichomo, ngoja sekunde 20, kisha pima kwa mita kabla hujatia kidole.