Kwanza Jua Gemu Zitaingiaje Nyumbani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: mzazi mwenye bajeti ya kawaida anayetaka mashine ya gemu ya nyumbani achague ipi? Mimi ningemwambia achukue PlayStation 4 Slim (PS4) iliyotumika, na aikague dukani kwa saa nzima kabla ya kutoa hela.

Wengi huanza kwa kuuliza mashine ipi ina nguvu. Kinachoumiza baadaye ni njia ambayo gemu zinaingilia nyumbani. Xbox Series S ni ndogo na nzuri, lakini haina sehemu ya diski, sawa na PS5 Digital. Kila gemu itashushwa kwa intaneti, na gemu kubwa moja hula GB 50, nyingine zaidi ya 100. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu, hapo unanunua gemu mara mbili. Diski mtoto akiichoka anabadilishana na mwenzake, au mnaiuza. Diski ya PS4 iliyotoka Dubai au Uingereza inacheza popote, na siku mkipanda kwenda PS5 yenye sehemu ya diski, karibu zote zitaendelea kufanya kazi.

Kabla hujatoka nyumbani, tazama nyuma ya TV. PS4 inatoa picha kwa HDMI tu, yaani waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. TV ya chogo yenye matundu mekundu, meupe na ya njano haitaipokea moja kwa moja.

Dukani nenda na diski moja unayojua ni nzima, pamoja na simu yenye bando. Anza na tundu la HDMI: limulike kwa tochi ya simu. Ndani kuna vijino 19 vilivyojipanga sawasawa. Kimoja kikipinda, picha inakatikakatika au skrini inabaki nyeusi. Huo ndio ubovu unaokutana nao sana, kwa sababu mashine huvutwa waya ukiwa bado umechomekwa. Kubadilisha tundu hilo kunahitaji fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na mkono mtulivu; asiye makini hung'oa njia za umeme kwenye bodi, na hapo mashine imekwisha. Ikiwa imewaka, tikisa waya kidogo. Picha ikipotea, iache, hata ikishushwa bei.

Ingiza diski na uitoe mara tatu, kisha acha gemu nzito icheze nusu saa. Feni ikianza kuvuma kama kikaushia nywele, ndani kuna vumbi au pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, imekauka. Hilo linatibika, kwa hiyo litumie kupunguziwa bei.

Pedi, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, iweke mezani bila kuigusa huku menyu iko kwenye skrini. Alama ya kuchagulia ikisogea yenyewe, kijiti cha kuelekezea kwenye pedi kimelika. Chomeka na spika za masikioni kwenye pedi. Nyingi za bandia hazitoi sauti hapo.

Sasa washa hotspot, ingia mtandaoni na ufungue akaunti mpya. Usiruke hatua hii. Mashine iliyofungiwa na Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, hucheza diski vizuri dukani lakini mtandaoni inakataliwa, na hakuna fundi wa kuifungua. Jihadhari pia na zile "zilizochipiwa", zilizojazwa gemu za bure huku muuzaji akikusisitiza usiiapdeti kamwe. Ukiiapdeti, gemu zile hazifunguki. Ukiipeleka mtandaoni ilivyo, inaweza kufungiwa. Nchi unayoandikisha kwenye akaunti ikumbuke, maana kadi za kununulia gemu lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. Mwisho, muuzaji afute akaunti zake zote mbele yako. Ikidai namba ya siri ya wazazi, jaribu 0000, ndiyo inayotoka nayo kiwandani.

Nyumbani, soma kibandiko cha umeme. Kikiandika 100–240V, chomeka. Kikiandika 120V peke yake, usichomeke bila transfoma. Weka UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, kwa sababu umeme ukikatika wakati mashine inaandika data, orodha ya mafaili huvurugika na mashine hukwama kwenye kuwaka. Usikimbilie kwa fundi. Izime kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia hadi mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, uchague namba 5, inayojenga upya orodha hiyo bila kufuta gemu wala mlipofikia. Namba 6 na 7 msiziguse, hizo zinafuta kila kitu.