Miguu yote miwili itoke, au yote ibaki

Swali: Naishi Minnesota, karibu na Ziwa Pepin, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa slalomu majini, yaani kuvutwa na boti juu ya ski moja nikizunguka maboya. Nina kilo 84, mguu wa kushoto huwa mbele, na boti hunivuta kwa kilomita 49 kwa saa. Nimenunua ski iliyotumika, ina viatu viwili vigumu vilivyofungwa kwenye bamba moja, na bamba limeshikwa kwenye ski kwa vipande vya Dual Lock, ule ukanda wa plastiki wa kunasisha wenye gundi mgongoni. Aliyeniuzia ananishauri nijaze Dual Lock chini ya bamba zima ili lisichomoke ovyo. Mwaka jana mwenzangu alivunjika mguu baada ya kiatu kimoja kutoka na kingine kubaki. Nifungeje?

Jibu: Ndugu yangu, usijaze bamba zima. Pole kwa mwenzako. Kilichompata ndicho ninachokihofia kuliko yote katika kazi hii. Ski ya slalomu ina zaidi ya mita moja na nusu. Mguu mmoja ukitoka na wa pili ukabaki, ski inakuwa wenzo: maji yanaikamata mwishoni na kuizungusha, na kinachosokotwa ni muundi wako, kifundo au goti. Ndiyo maana napenda bamba moja. Likiachia, miguu yote miwili inatoka pamoja. Lakini lazima liachie kweli, na ukilijaza Dual Lock umelifanya kama limepigwa skrubu.

Elewa kwanza kile kitu kinavyoshika. Kinafanana na velkro kwa mbali tu. Kila upande una vijiti vidogo vya plastiki vyenye vichwa kama uyoga. Ukivigandamiza, vichwa vinapitana na kunasana, na unasikia ta-ta-ta. Ukikisukuma kwa ubavu hakisogei. Ukikibandua kuanzia ncha moja, safu moja baada ya nyingine inaachia. Na anguko baya la slalomu, pale ncha ya ski inapozama na mwili ukatupwa mbele, ni kubandua hasa: visigino vinanyanyuka na bamba linaanza kuachia kutoka nyuma. Kwa hiyo kipande kilicho nyuma kabisa, chini ya kiatu cha nyuma, ndicho kinachoamua zaidi kama utatoka.

Bandua vyote vya zamani. Siwezi kuamini Dual Lock ya mtu mwingine. Juzi nilifungua bamba la ski moja nikakuta punje za mchanga zimejikita katikati ya vijiti, nusu ya vichwa vimelala, na mwenyewe alikuwa akiongeza vipande kila mwezi bila kujua kwa nini bamba linachomoka. Safisha ski na bamba kwa spiriti, acha pakauke. Namba za Dual Lock, yaani 170, 250 na 400, ni wingi wa vijiti kwa inchi ya mraba, kwa hiyo ukibadilisha aina upande mmoja tu, umebadilisha nguvu yote. Tumia aina ileile na kiasi kilekile ambacho mtengenezaji wa viatu ameandika kwa uzito wako. Kama karatasi haikuja na ski, mwandikie akutumie, usikisie. Fanya kazi hii ndani ya nyumba penye joto, si kwenye gati asubuhi ya Mei. Gundi inahitaji saa 72 kufikia nguvu zake zote, na wengi hawasubiri.

Sasa jaribu kwenye nyasi kabla ya maji. Weka ski chini, panda juu ya bamba na ukanyage hadi mlio uishe, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni, kwenye bamba na kwenye ski, uone kama kuna pengo. Mtu mmoja akanyage ncha, wa pili akanyage mkia, wengine wawili wasimame mbele yako wakudake. Funga viatu kama unavyovifunga majini, kunja magoti, ujitupe mbele. Bamba litoke kwa msukumo wa nguvu, kabla hujahisi kifundo kikivutwa. Kisha simama tena, chuchumaa, rukaruka, hamisha uzito mbele na nyuma: hapo lisitoke hata kidogo. Likigoma kuachia, punguza kipande cha nyuma sentimita moja, rudia. Likitoka kwa kurukaruka, usikimbilie kuongeza. Kwanza angalia uchafu na kama vichwa vimenasa vyote. Kuachia mapema nako kunaumiza: umejilaza dhidi ya boti, unatoka kwenye boya, ghafla huna ski.

Ukishapata kiasi kinachokufaa, tafuta mizani ya ndoano ya kupimia magunia. Ski ikiwa imekanyagwa vilevile na viatu vikiwa vitupu, vuta kisigino cha kiatu cha nyuma juu kwa mizani hadi bamba liachie, na uandike ile namba. Namba hiyo ni yako wewe na ski yako, haimfai mwingine. Pima tena kila baada ya wiki chache. Ikishuka waziwazi, vijiti vimechoka, badilisha vyote kwa pamoja.

Kuhusu viatu vyenyewe: kwa mfumo huu vikaze barabara. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, kifundo kinasokotwa kabla bamba halijapata habari. Kwa viatu laini vya mpira ni kinyume, kwa sababu huko mguu ndio unaotoka. Mwaka 1922 Ralph Samuelson, mwanzilishi wa mchezo huu, alipoteleza kwa mara ya kwanza hapohapo kwenu Ziwa Pepin, mbao zake zilikuwa na kamba za ngozi tu za kuingiza miguu.

Jambo la mwisho ambalo wauzaji hulisahau: bamba likiachia, unabaki majini miguu yote miwili ikiwa imefungwa pamoja, na ski imekwenda zake. Usiingie bila jaketi la kuokolea. Na kabla ya kuvutwa na boti, nenda ufukweni maji yakiwa ya kiunoni, mwenzako pembeni, ujizoeze kufungua bizimu za viatu bila kuziangalia.