Kuku wanakoroma usiku: ni mafua au ni ugonjwa mwingine?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninafuga kuku wa mayai 600 hapa Uyole, Mbeya, nao sasa wana wiki 30. Tangu baridi ya Juni ianze, baadhi yao wanakoroma usiku. Muuza dawa alinipa dawa ya kuchanganya kwenye maji kwa siku tano. Mkoromo ukapungua, lakini baada ya wiki mbili ukarudi, na mayai yameshuka kutoka trei 17 hadi 14 kwa siku. Nitajuaje kama ni ugonjwa wa bakteria, na je, ningeweza kuugundua kabla mayai hayajashuka?
Mfugaji, Uyole

JIBU: Marahaba, ndugu mfugaji. Katika barua yako, kilichonishtua zaidi ya kushuka kwa mayai ni huko kupona kwa wiki mbili na kurudi upya. Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria aina ya Mycoplasma gallisepticum, kwa kuwa dawa humtuliza tu bila kumwondoa bandani. Bakteria huyu hana ukuta wa seli, na kwa sababu hiyo dawa za jamii ya penisilini, ikiwemo amoksilini, hazimfanyi lolote. Hukutaja jina la dawa uliyopewa. Litazame kwenye pakiti.

Mafua makali ya kuku huenda kwa mwendo mwingine. Huonekana siku moja hadi tatu baada ya maambukizi, uso huvimba chini ya macho, ute wa puani hunuka vibaya, na banda zima huugua kwa muda mfupi. Kwa kuwa hukueleza uvimbe wala harufu, ninayaweka nafasi ya pili, ingawa nayo hurudi dawa inapokatishwa. Ukiona vifo vingi vya ghafla, kinyesi cha kijani au shingo zilizopinda, fikiria kideri, ambacho ni cha virusi na hakitibiwi kwa antibayotiki.

Kuhusu kugundua mapema, kifaa bora ni sikio lako. Ingia bandani saa mbili au tatu baada ya kuku kulala, zima taa, usimame kimya dakika tano kila upande wa banda, kisha uandike ni upande gani unakoroma na kwa kiasi gani. Andika pia maji yanayonywewa kila siku, kwa sababu mara nyingi kuku mgonjwa hupunguza kunywa kabla hajapunguza kutaga. Wafugaji wengi wa nyanda za juu hufunga maturubai yote kwa kuogopa baridi, na ninaielewa hofu hiyo, lakini amonia, yaani gesi kali ya maranda yaliyolowa, huchubua koo na kuwafungulia bakteria mlango. Ukiinama usawa wa kuku na macho yakakuwasha, hewa hiyo imeshaharibika.

Hata hivyo, mkoromo hautaji jina la bakteria. Maabara ndiyo hulitaja, na hapo wengi hukosea kwa kuwapa kuku dawa kwanza na kuchukua sampuli baadaye. Kabla ya kununua dawa nyingine, mwombe daktari wa mifugo wa kata achukue sampuli za koo kwa pamba kutoka kwa kuku walioanza kuugua karibuni, pamoja na damu ya mshipa wa bawa. Sampuli zisafirishwe kwenye barafu hadi kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Iringa. Ukipima kuku 60 na ugonjwa umeshika angalau asilimia 5 ya banda, uwezekano wa kuunasa ni asilimia 95. Ukipima watano tu na majibu yakawa safi, usijipongeze.

Kipimo cha damu cha kuganda kwenye kigae hutoa jibu kwa dakika chache, lakini kinaweza kudanganya ikiwa kuku wamechanjwa karibuni, hivyo taja tarehe zote za chanjo. Kipimo cha vinasaba, PCR, ni sahihi zaidi, ilhali kuotesha Mycoplasma huweza kuchukua wiki tatu.

Mwulize pia aliyekuuzia vifaranga kama kuku wazazi walipimwa, kwa kuwa bakteria huyu hupita ndani ya yai, na huenda ugonjwa wako ulifika Uyole ukiwa kwenye boksi la vifaranga wa siku moja.